Cérésole: Mgeni aliyekuja na jembe lake

Kila mwaka, hasa kati ya Juni na Agosti, vijana wengi kutoka Ulaya na Marekani huwasili humu nchini wakiwa na mikoba mikubwa mgongoni. Hawaji kutazama ndovu wala kuota jua la Pwani, ingawa hayo nayo huyafanya kabla ya kurejea kwao. Huja, kwa kauli yao wenyewe, kujitolea. Huelekea vijijini wakapake rangi madarasa, wachimbe misingi ya zahanati, wafundishe Kiingereza kwa majuma matatu au wacheze na mayatima. Aghalabu huwa wamelipa fedha nyingi kwa kampuni fulani ya kwao ili wapate nafasi hiyo.

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na mtu wa isimu hana budi kulitazama neno kabla ya kukitazama kitendo. Kitenzi 'kujitolea' kimeundwa kwa ustadi mkubwa. Kiini chake ni 'toa'. Anayetoa huhitaji kitu cha kutoa: hutoa fedha, hutoa chakula, hutoa nguo kuukuu. Lakini tukikitia kitenzi hicho kiambishi 'ji', kile kitu hutoweka na mahali pake huchukuliwa na mtoaji mwenyewe. Kisha 'toa' hunyambuliwa ikawa 'tolea', yaani pana jambo au mtu ambaye utoaji huo ni kwa ajili yake. Ajitoleaye basi ndiye mtoaji na ndiye kitolewacho. Aliyetoa nauli, picha na tabasamu, akarudi kwao bila ya kupungukiwa na chochote, huyo ametoa tu. Hajajitolea.

Naandika haya si kwa nia ya kuwakejeli vijana hao. Wengi wao wana nia njema, na nia njema si kitu cha kutupwa. Nataka tu tumkumbuke mtu aliyeianzisha desturi hii ya vijana wa mataifa mbalimbali kwenda kufanya kazi ya mikono katika vijiji vilivyofikwa na maafa. Hakujua Kiswahili, lakini maisha yake ni fasiri kamili ya kitenzi chetu. Mtu huyo ni Pierre Cérésole wa Uswisi.

Cérésole alizaliwa mjini Lausanne tarehe 17 Agosti 1879. Hakuzaliwa mnyonge. Baba yake, Paul Cérésole, alikuwa amewahi kuwa Rais wa Shirikisho la Uswisi mwaka 1873, na alikuwa pia ofisa wa cheo cha juu jeshini. Mama alifariki Pierre akiwa bado mtoto. Alilelewa katika jamaa kubwa ya watu waliozoea kutawala, kuhukumu na kuamrisha. Njia yake ilikuwa imekwisha kufyekwa na kusawazishwa. Kilichobaki ni yeye kuifuata.

Mwanzoni aliifuata. Alisomea uhandisi katika chuo kikuu maarufu cha ufundi cha Zurich, akapata shahada ya udaktari, akaendelea na masomo nchini Ujerumani. Hata hivyo, alipokuwa na umri wa miaka thelathini hivi, aliiacha njia hiyo ghafla. Alifunga safari akaenda Marekani, kisha visiwa vya Hawaii, na hatimaye Japani. Kwa takriban miaka mitano aliishi kwa jasho lake. Alifanya kazi za sulubu pamoja na vibarua, akafundisha, akarudia uhandisi. Mtoto wa rais alikuwa amejifunza jinsi mgongo unavyouma jioni, baada ya kutwa ya kuinama. Somo hilo halikufundishwa Zurich.

Alirejea kwao mwaka 1914, mwaka uleule Ulaya ilipojitumbukiza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Uswisi haikupigana, lakini ilikuwa imezungukwa na moto kila upande, na vijana wake wote walikuwa mpakani na bunduki. Hapo ndipo Cérésole alipofanya mambo mawili yaliyowashangaza watu wa tabaka lake.

La kwanza, aliuchukua urithi alioachiwa na wazazi akaukabidhi serikali. Aliona kwamba si haki kula mali ambayo hakuitolea jasho. La pili lilikuwa zito zaidi. Cérésole hakutakiwa kuingia jeshini kwa sababu za afya, lakini sheria ya Uswisi ilimtaka kila aliyesamehewa utumishi huo alipe kodi ya kijeshi badala yake. Mwalimu mmoja kijana, John Baudraz, alikuwa amefungwa gerezani kwa kukataa kushika silaha kwa sababu ya imani yake ya Kikristo. Cérésole alijiuliza itakuwaje mwingine afungwe kwa ajili ya dhamiri, naye akae nyumbani akilipia bunduki kwa fedha. Akakataa kulipa ile kodi, naye akafungwa. Hicho kilikuwa kifungo cha kwanza, na baada yake vilifuata vingi, vifupi vifupi, karibu hadi mwisho wa uhai wake.

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanahusiana vipi na vijana wenye mikoba mgongoni? Yanahusiana sana. Katika lugha za Uswisi, neno la utumishi lilipotamkwa peke yake lilimaanisha jambo moja tu: jeshi. Kijana alipokwenda kutumika, alikwenda kambini. Cérésole hakuridhika na kukataa. Aliona kwamba anayekataa kupigana na kisha akakaa kitako akila mkate wa amani hana hoja mbele ya askari anayelala kwenye matope. Askari ana nidhamu, ana ushujaa, yuko tayari kufa kwa ajili ya wenzake. Mambo hayo ni mema. Ubaya uko katika kazi yanayotumiwa kufanya. Kwa hiyo alitaka utumishi mwingine wenye taabu na nidhamu kama ile ya jeshi, lakini wa kujenga. Ndiyo sababu alilichukua neno lilelile la kambini akaliongezea sifa ya uraia: utumishi wa kiraia. Hata neno 'kambi' tunalolitumia hadi leo tunaposema kambi za kazi za vijana lina harufu hiyo ya jeshi, na halikuingia humo kwa bahati.

Vita viliisha mwaka 1918. Mwaka uliofuata, Wakristo wapenda amani kutoka nchi kadhaa, wakiwamo waliotoka katika mataifa yaliyokuwa yakiuana, walikutana katika mji mdogo wa Bilthoven nchini Uholanzi. Cérésole alichaguliwa kuwa katibu wa umoja walioanzisha. Walikutana tena mwaka 1920. Kama ilivyo kawaida ya mikutano, maneno yalikuwa mengi. Ndipo mjumbe mmoja kutoka Ujerumani alipoeleza kwamba ndugu yake alikuwa miongoni mwa askari walioshiriki katika uharibifu wa kaskazini mwa Ufaransa, na kwamba yeye angependa kwenda kusaidia kuijenga upya sehemu hiyo. Kwa Cérésole hayo yalitosha. Alitoka mkutanoni akaanza kutafuta kijiji.

Kijiji kilichopatikana kiliitwa Esnes-en-Argonne, karibu na Verdun. Wasomaji wa historia wanajua maana ya jina Verdun. Mwaka 1916 majeshi ya Ufaransa na Ujerumani yalipambana hapo kwa muda wa miezi kumi, na waliouawa na kujeruhiwa wakahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Vijiji vya eneo hilo viligeuka mahame. Vingine havikujengwa tena hata leo. Esnes ilikuwa kifusi kitupu, mashamba yake yamejaa mashimo ya makombora, mahandaki, nyaya za miiba na risasi ambazo hazijalipuka. Wenyeji waliokuwa wakirudi walikuta hawana pa kulaza ubavu.

Novemba 1920, wakati baridi ya Ulaya inapoanza kuuma, kundi dogo la watu liliwasili hapo. Alikuwapo Cérésole pamoja na kaka yake Ernest, ambaye, tazama kejeli ya mambo, alikuwa ofisa wa jeshi la Uswisi. Alikuwapo Mwingereza Hubert Parris. Na walikuwapo Wajerumani. Walijenga vibanda vya mbao vya kuwahifadhi watu, wakaondoa vifusi, wakafukia mashimo mashambani, wakatengeneza barabara. Hawakuhubiri, wala hawakumtaka mtu yeyote awasamehe. Walifanya kazi tu.

Hebu tujiweke katika nafasi ya wanakijiji wale. Ni miaka miwili tu tangu mizinga inyamaze. Mume wako au mwanao yumo ardhini, pengine hujui ni wapi. Asubuhi moja unatoka nje ya kibanda chako, unamwona kijana anayesema lugha ya waliomuua akifukia shimo katika shamba lako. Utamkaribisha? Utamfukuza? Cérésole hakuwalazimisha wajibu. Aliiacha kazi iseme.

Wapo waliolainika moyo kidogo kidogo, lakini wakuu wa serikali katika eneo hilo hawakulainika. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1921 waliwataka Wajerumani waondoke. Wale wengine wangaliweza kubaki. Walikataa kuendelea bila wenzao, wakafunga vifaa vyao wote wakaondoka. Kambi ya kwanza ya kazi ya kimataifa ikawa imekufa baada ya miezi mitano hivi.

Wengi wanapoisimulia habari hii huipitia haraka sehemu hii ya kushindwa. Mimi naiona kuwa ndiyo kiini chake. Kwanza, wale watu hawakwenda Esnes kama wafadhili. Mjerumani aliyefukia shimo hakuwa akitoa sadaka. Alikuwa akilipa deni, tena deni ambalo pengine si yeye aliyelikopa. Mwenye kulipa deni hategemei kushukuriwa. Pili, walipoambiwa waondoke, waliondoka. Walitambua kwamba mwenyeji ana haki ya kusema hapana hata kwa jambo jema. Ni mara ngapi katika vijiji vyetu mwenyeji ameulizwa kama anautaka ule msaada? Na akiukataa, ni nani humsikiliza?

Cérésole hakuvunjika moyo. Alirudi nyumbani akajaribu kulitafutia wazo lake kibali cha sheria. Mwaka 1923 yeye na wenzake waliwasilisha bungeni ombi lenye saini za watu wapatao 40,000, wakitaka vijana wanaokataa silaha waruhusiwe kufanya utumishi wa kiraia badala ya jeshi. Bunge lililikataa. Basi wakaamua kuonyesha kwa vitendo kile walichokuwa wamekiomba kwa maandishi. Mwaka 1924 walikwenda Les Ormonts, katika milima ya Uswisi, kusafisha mashamba na nyumba zilizofunikwa na maporomoko ya theluji. Mwaka huohuo walikwenda Someo, kijiji cha kusini mwa nchi kilichokumbwa na mafuriko. Ernest, yule kaka mwanajeshi, ndiye aliyesaidia kuleta mpangilio na nidhamu.

Naomba tuzingatie mfuatano huo. Baada ya Esnes, vijiji vilivyofuata vilikuwa vya kwao. Cérésole hakutafuta maskini wa mbali huku maskini wa karibu akiruka juu ya kifusi chake. Kijana wa Lausanne au Zurich aliyesoma vitabu alijikuta anasukuma toroli la mawe katika kijiji cha wachungaji ng'ombe wa nchi yake mwenyewe, ambao pengine hata lahaja yao hakuielewa. Umbali kati ya mji na kijiji katika taifa moja waweza kuwa mkubwa kuliko bahari.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 1928. Mwaka uliotangulia mto Rhine ulikuwa umevunja kingo zake ukaifunika sehemu kubwa ya nchi ndogo ya Liechtenstein kwa mchanga na mawe. Mashamba ya wakulima yakawa jangwa. Watu zaidi ya 700 kutoka nchi nyingi walikwenda hapo kwa zamu, wakachimba na kuzoa tope na changarawe kwa miezi kadhaa hadi udongo mweusi ukaonekana tena. Hakulipwa mtu. Walipewa chakula, malazi na sepetu. Si ajabu basi kwamba alama ya shirika lililotokana na kazi hiyo, Service Civil International, ikawa ni sepetu iliyouvunja upanga.

Tusimfanye malaika. Katika kambi hizo wanawake walikuwa na kazi yao: kupika, kufua na kushona. Waliitwa kina dada, wakawatumikia wanaume waliokuwa wakiutumikia ulimwengu. Watu waliothubutu kuwapatanisha Mfaransa na Mjerumani hawakuthubutu kumpa mwanamke sururu na kumwachia mwanamume sufuria. Mabadiliko hayo yalikuja baadaye, polepole. Vilevile kambi iliyofanyika mwaka 1931 huko Brynmawr, mji wa wachimba makaa ya mawe wa Wales ambao wengi wao hawakuwa na ajira, ilizua swali gumu. Wageni walisaidiana na wenyeji kutengeneza bustani na bwawa la kuogelea, lakini walikuwapo wakazi walioutazama mradi huo kwa jicho la shaka. Mtu aliyekosa kazi ya mshahara humwonaje mgeni anayekuja kufanya kazi bure mlangoni pake? Swali hilo halijazeeka. Fundi wa kijijini anayekaa kivulini huku wanafunzi wa ng'ambo wakijenga ukuta uliopinda analijua vyema.

Desemba 1931 Mahatma Gandhi alipita Uswisi akitoka katika mazungumzo ya London, na Cérésole alikuwa miongoni mwa waliompokea Lausanne. Uhusiano huo ulizaa matunda yasiyotarajiwa. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mkoa wa Bihar, kaskazini mwa India, na nchi jirani ya Nepal. Zaidi ya watu 10,000 walikufa. Ardhi ilipasuka ikatapika maji na mchanga, ukafunika mashamba na kuziba visima. Viwango vya ardhi vilibadilika, na mvua zilipokuja, mito ikafurika hadi mahali ambapo haikuwa ikifika zamani.

Cérésole alikuwa na umri wa miaka 54, mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari nchini kwake. Aliondoka akaenda Bihar. Kati ya mwaka 1934 na 1937 alisafiri huko mara tatu, akifuatana katika safari za baadaye na wenzake wachache kutoka Uswisi na Uingereza. Walifanya kazi katika wilaya ya Muzaffarpur. Kazi ilikuwa kuvihamisha vijiji vilivyokuwa vikizama na kuvijenga upya mahali pa juu. Kimoja kilipewa jina Shantipur, yaani mji wa amani.

Hapo ndipo wazo lake lilipopimwa kwa mizani nyingine. India ya wakati huo ilikuwa koloni. Mzungu aliyejulikana vijijini ni yule aliyepanda farasi, aliyekusanya kodi, au aliyesimama kivulini akitoa amri. Sasa alikuja Mzungu wa kushika udongo. Na kando yake walikuwapo wakulima Wahindi kwa mamia, ambao walijua kuchimba na kubeba kuliko yeye. Cérésole aliona upesi kwamba mikono si kitu kilichokosekana Bihar. Liechtenstein ilikuwa imehitaji mikono 1,400; Bihar ilikuwa na mikono mingi mno isiyo na kazi wala ujira. Wageni watano wenye sepetu hawangebadilisha chochote kwa nguvu za misuli yao. Kwa hiyo wanakijiji wenyewe ndio waliojenga, wakalipwa kwa kazi yao, nao wageni wakasaidia katika kupanga, kupima na kusimamia, huku wakishiriki katika kazi.

Jambo jingine ni hili: hakujitenga na viongozi wa wenyeji. Kazi ya misaada kwa upande wa Wahindi iliongozwa na Rajendra Prasad, mpigania uhuru aliyekuwa gerezani siku ya tetemeko na kuachiliwa siku chache baadaye. Serikali ya Waingereza nayo ilikuwa na mipango yake. Cérésole alishirikiana na pande zote mbili, akijaribu kuwa daraja kati ya watawala na watawaliwa waliokuwa hawaaminiani. Prasad, kama tujuavyo, ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya India mwaka 1950. Mgeni alikuwa amekubali kufanya kazi chini ya uongozi wa mtu ambaye dola ya wakati huo ilimwona kuwa mhalifu.

Mwaka 1936 Cérésole alijiunga na Marafiki, dhehebu la Quaker, ambalo wasomaji wa Kaimosi na sehemu nyingine za magharibi mwa Kenya wanalifahamu vizuri tangu wamishonari wake walipofika huko mwaka 1902. Kisha Ulaya ikajitumbukiza tena katika vita. Cérésole hakunyamaza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alivuka mpaka bila kibali akaingia Ujerumani ya Hitler, akitaka kuwafikishia watu wa huko ujumbe wa amani. Alikamatwa, akarudishwa, akafungwa nchini kwake. Hata marafiki zake wengine waliona kitendo hicho hakina maana, na pengine hawakukosea. Mtu mmoja hasimamishi vita kwa kuvuka mpaka. Lakini huyo ndiye aliyekuwa Cérésole. Hakuweza kusema jambo bila kulitia mwilini mwake.

Alifariki tarehe 23 Oktoba 1945, vita vikiwa vimekwisha miezi michache tu, na Ulaya nzima imegeuka Esnes. Vijana walichukua sepetu tena. Mwaka 1948, chini ya mwavuli wa UNESCO, mashirika ya kambi za kazi yaliunda kamati ya kuratibu shughuli zao, na desturi hiyo ikaenea Asia na Afrika. Hapa kwetu chama kinachojulikana leo kama Kenya Voluntary Development Association kilianza kama chama cha kambi za kazi mwaka 1962, kabla hata bendera yetu haijapandishwa. Huko Uswisi, kile ambacho bunge lilimkatalia Cérésole kilikubaliwa na wapiga kura mwaka 1992, na sheria ya utumishi wa kiraia ikaanza kutumika mwaka 1996, miaka 51 baada ya kifo chake.

Tumwangalie sasa kijana wetu mwenye mkoba mgongoni. Kati yake na Cérésole kuna undugu, lakini kuna kitu kilichopotea njiani. Kilichopotea ni ile dhana ya deni. Kijana anakuja akiamini kwamba ana ziada na sisi tuna upungufu. Kwamba anatupa na sisi tunapokea. Biashara nzima imejengwa juu ya imani hiyo, na biashara hiyo huhitaji umaskini usioisha. Makao ya watoto ni mfano mchungu. Palipo na wageni wanaolipa ili wawabebe mayatima, mayatima hawatakosekana, hata kama wana wazazi hai. Si bure kwamba mwaka 2017 serikali yetu ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila baada ya majuma mawili, na kuachwa na kila mmoja, hafundishwi upendo. Anafundishwa kuagana.

Hata hivyo lawama zote tusizitupe ng'ambo. Sisi nasi tulikuwa na mwethya, ngwatio, risaga na saga kabla ya mtu yeyote kutufundisha kufanya kazi kwa pamoja bila malipo. Je, ni wanafunzi wangapi wa vyuo vikuu vyetu waliowahi kushika jembe katika kijiji kisicho chao humu nchini? Kijana wa Nyeri amewahi kuchimba silanga Turkana? Kijana wa Kisumu amewahi kuzoa matope Tana River baada ya mafuriko? Mwaka 2008, baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi, kulikuwa na vijiji vilivyoteketezwa na majirani katika nchi hii hii. Ni wangapi kutoka katika jamii zilizochoma waliorudi na misumari na mabati kujenga upya kile ambacho ndugu zao walikichoma? Hiyo ndiyo Esnes yetu. Haihitaji pasipoti.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo humpa mwenyeji mamlaka: yeye ndiye mwenye jembe, ndiye mwenye shamba, ndiye ajuaye palipo na magugu na palipo na mche. Wazee wa vijiji, machifu, wakuu wa shule na kamati za zahanati hawana sababu ya kuiogopa methali hiyo ati kwa kuwa mgeni ametoka mbali na ana kamera. Na wamuulize kabla ya siku ya kwanza: ni nani aliyekuita, utafanya kazi chini ya nani, na fundi wetu atalipwa nini? Akijibu vizuri, apewe jembe. Asipojibu, aagwe kwa heshima, kama Esnes ilivyowaaga wenzake wa kwanza. Hawakufa kwa kuagwa. Walikwenda kutafuta kifusi kingine, na cha kwanza walichokikuta kilikuwa cha kwao.